Uyoga, Mama Mkwe na Neno la Siri

Jumatatu, 5 Mei

Uyoga umeanza kuchomoza! Ule wenye kichwa kama sega la nyuki, ambao huku Michigan mtu haonyeshi unapoota hata kwa mwanawe. Mimi mahali napajua. Ramani yake iko kwenye kompyuta ya jikoni. Jumamosi ni mashindano ya kuuchuma, na kikombe cha mbao kimekaa kabatini kwa mama mkwe, Bernadine, miaka nenda miaka rudi. Mwaka huu ni changu.

Kikwazo ni mama mkwe mwenyewe. Yuko kwetu tangu alipopasuliwa nyonga. Leo, akipaka mkate siagi, kauliza kama nina nafasi garini nikienda msituni. Nimesema gari linapiga kelele. Nafasi! Mimi si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jumanne, 6 Mei

Nimemkuta mbele ya kompyuta. Anasema kila asubuhi hutazama picha za marehemu mumewe, Harlan. Visingizio! Nimeifunga kompyuta nzima kwa neno jipya la siri, refu ajabu. Ikataka na jibu la akiba, nisije nikasahau: jina la mbwa wangu wa kwanza. Jina la kweli kila mtu analijua, kwa hiyo nikadanganya. Mjanja hudanganya hata kompyuta.

Mama mkwe alipoomba picha zake, nikamwambia kompyuta imeharibika. Akasema haya, mkwe, nyumba ni yenu. Akaenda kukaa dirishani. Corinne, mke wangu, leo kaniacha nijipakulie chakula mwenyewe.

Alhamisi, 8 Mei

Balaa! Neno la siri limenitoka kichwani. Swali la mbwa nalo nimeshindwa. Uongo wangu mwenyewe siukumbuki!

Nikaenda msituni bila ramani. Gari nililiacha mbali, nyuma ya kanisa, kama tufanyavyo wote, watu wasinifuate. Uyoga sikuuona. Baadaye hata kanisa sikuliona. Corinne ndiye aliyeniokota barabarani, matope hadi magotini. Kauliza kama gari bado linapiga kelele.

Ijumaa, 9 Mei

Corinne kakalia kiti cha kompyuta, mama yake kasimama nyuma na mkongojo. Corinne kasema mumewe anamjua: akitafuta jina la mbwa, atachukua la mtu aliyemkera siku hiyo. Akaandika Bernadine. Ikafunguka!

Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe akanitazama. "Sasa mkwe, nibweke, au ningoje mfupa?" Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nami nikacheka, kidogo.

Kisha akafungua picha zake. Harlan kijana, kapu tele la uyoga, chini ya mti uliopasuliwa na radi. Mti wangu! Mahali pangu! Mama mkwe akaacha kucheka, akakigusa kioo. Alisema pale ndipo Harlan alipomposa. Alitaka tu kufika tena, na mtu wa kuinama badala yake, kwa kuwa nyonga imegoma. Nimeona aibu, ya kweli.

Jumamosi, 10 Mei

Tumekwenda pamoja. Yeye ananyoosha mkongojo, mimi nainama. Kule, mkwe! Si huko, kipofu wewe, chini ya jani! Kapu likajaa. Alipoushika ule mti nilijifanya nafunga kamba za viatu. Kwa waamuzi akasema liandikwe jina langu peke yangu. Kikombe kiko juu ya televisheni yangu. Nimemshinda!

Jumapili, 11 Mei, Siku ya Mama

Nimewaza. Ule mti una herufi za Harlan na Bernadine, zimechongwa zamani mpaka gome limeota juu yake. Wajanja hawa! Anayepajua mahali pangu kiasi hicho lazima aliisoma ramani. Na picha siku hizi zinatengenezwa. Simchukii. Leo ni siku yake, nimemkaangia uyoga kwa siagi. Aliyenikera ni Corinne, eti nirudishe kikombe kabatini kwa mama yake.

Lakini tahadhari ni tahadhari. Nimebadilisha neno la siri. Swali jipya: gari langu la kwanza nililiitaje? Nimedanganya tena. Nimeandika Corinne. Hakuna atakayekisia.

Namsikia mama mkwe jikoni, anauliza kama kompyuta imeharibika tena. Corinne anamwambia asubiri kidogo, anakuja. Sina wasiwasi.