Ndege ya Kumleta Rosette

Jumatatu, 1 Julai

Kikao cha familia kwa dada yangu mkubwa, Maman Christine. Jambo moja tu: mahari ya Cédric, mtoto wa marehemu kaka yetu. Jumamosi ya wiki ijayo tunashuka Nguba, mtaa wa ziwani, kumwomba Rosette kwa wazazi wake. Mimi ndiye baba mdogo wa Cédric. Damu kabisa! Nilikuwa nimekwisha kunyoosha koti nikingoja kutajwa msemaji wa familia. Nikatajwa mbeba sucré.

Sucré! Makreti ya soda! Usemaji amepewa binamu yetu Parfait, kama kawaida. Parfait ni mwalimu wa Kifaransa na ana desturi ya kukohoa kabla ya kusema, ili watu wanyamaze. Maman Christine alisema mdomo wa Parfait umeleta mabibi harusi wengi katika familia hii, na wangu umeleta nani? Nikajibu umemleta Eulalie, mke wangu. Eulalie akasema hapana, yeye alinikubali kwa sababu siku ile nilikuwa kimya.

Halafu ikaja habari ya tiketi. Mchezo huo kila mtu hapa anaujua. Ukifika kwa wakwe na kumwomba binti, wanakuambia hayupo, yuko Kinshasa, barabara hakuna, toeni tiketi ya ndege ndipo aje. Binti mwenyewe yuko chumbani anapakwa poda. Unatoa bahasha, watu wanacheka, binti anatoka. Parfait alisema ataongea nao vizuri wasitukamue.

Nimerudi nyumbani na hasira zangu. Juu ya kabati nikaona kasha la shemeji yangu Jean-de-Dieu aliyeko Liège. Alilituma Krismasi. Ndani yake kuna ndege ya mbao ya kuunganisha mwenyewe, pamoja na mota, betri na rimoti. Limeandikwa: kuanzia miaka kumi na minne. Mimi nina hamsini na mmoja. Ninafaa!

Wao wakidai tiketi, mimi nitaleta ndege yenyewe. Wakwe watavunjika mbavu. Parfait atakohoa hadi Krismasi. Na mahari itakayofuata, msemaji atakuwa nani? Ha!

Jumatano, 3 Julai

Nimefungua kasha juu ya meza ya kulia. Mbao zake zinaitwa balsa, nyembamba na nyepesi ajabu. Nilipiga chafya, mbavu tatu za bawa zikaingia chini ya kabati. Maelekezo ni ya Kijerumani. Si tatizo. Michoro haina lugha.

Eulalie alikuta gundi kwenye kitambaa cha meza. Akauliza: "Papa Donatien, na sisi tutakulia wapi?" Nikamwambia ni kazi ya familia, tena ya siri. Akasema siri inayonuka hivi hajawahi kuiona. Tumekula bugali na sambaza, visamaki vya ziwani, sahani zikiwa mapajani.

Jioni, ushindi! Mabawa mawili yamekamilika. Yamenyooka, yamekauka, mazuri kabisa. Yote mawili ni ya kulia.

Alhamisi, 4 Julai

Bawa la kushoto limepatikana. Nimebomoa moja la kulia na kuligeuza, kisha nimelibandika kwa gundi ya fundi wa majeneza wa Kadutu. Fundi aliniapia kwamba hakuna mteja wake aliyewahi kurudi kulalamika.

Ijumaa, 5 Julai

Leo ilikuwa zamu ya ngozi. Ndege hii hufunikwa kwa plastiki laini. Unaipitishia pasi polepole, nayo inajikaza juu ya mbao. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, basi nikachukua pasi ya makaa. Plastiki ikajikaza! Ikajikaza zaidi. Ikatoweka. Bawa la kushoto likabaki na tundu la kupitisha papai.

Nikatafuta kitambaa chepesi nyumba nzima. Juu ya kitanda nikaona kitenge kipya cha sherehe, kile cha kijani chenye kuku wa njano, ambacho wanawake wote wa familia watavaa siku ya mahari. Cha Eulalie kilikuwa hakijaenda kwa mshonaji. Nikakata kidogo pembeni. Halafu kidogo tena, kwa sababu mabawa lazima yafanane. Halafu mkia, kwa sababu ulionekana uchi.

Imependeza mno! Imevaa sare ya familia vizuri kuliko mimi mwenyewe.

Jumamosi, 6 Julai

Eulalie amerudi kutoka kwa mshonaji. Ameambiwa kitambaa kinatosha upande wa mbele tu. Akaitazama ndege. Akanitazama mimi. Akaitazama tena ndege, akahesabu kuku.

Leo nimejipikia.

Jumapili, 7 Julai

Baada ya misa, jaribio. Mji wetu ni vilima vitupu, na kila penye tambarare pana watu wanacheza mpira. Nikawaomba wachezaji wanipishe kidogo. Wakapisha, wakakaa kutazama, wakaita na wengine.

Nikawasha. Mota ikalia vizuri. Ndege ikaanza kurudi nyuma. Ikarudi, ikarudi, hadi miguuni pa mama anayechoma ndizi. Akaniuliza kwa sauti, watu wote wasikie: "Papa, dereva wa hii ndege iko nalala?" Watu wakafa kwa kicheko. Nilikuwa nimepishanisha nyaya mbili za mota. Kosa dogo, hata wataalamu huweza kulifanya.

Mara ya pili, ikaruka. Ikaruka kweli! Kile kitu kilichokuwa juu ya meza yetu ya kulia kilikuwa juu ya miti! Nililia, na ninaandika bila aibu.

Jambo moja tu. Ikienda mbali, inanitii: kushoto ni kushoto, kulia ni kulia. Ikigeuka kunijia, inakuwa kaidi: naiamuru kushoto, inakwenda kulia. Mlinda mlango mmoja akasema ni kwa sababu sasa imenielekea, kwa hiyo kushoto kwake si kushoto kwangu. Nikamshukuru kwa maoni yake. Ndege ni yangu, na kushoto ni kushoto. Hiyo ni tabia ya betri. Nitaichaji zaidi.

Jumatano, 10 Julai

Parfait amepita "kusalimia". Kupeleleza! Nilikuwa nimewahi kuilaza ndege kitandani na kuifunika shuka. Akachungulia chumbani, akaona mtu mwembamba amelala mikono imenyooshwa. Akauliza kwa sauti ya chini nani mgonjwa. Nikasema ni mgeni. Parfait akapiga magoti, akamwombea. Sala ndefu, ya Kifaransa. Ilibidi nami nipige magoti.

Baadaye Maman Christine akapiga simu kuuliza mgonjwa wetu anaendeleaje. Nikamwambia anapata nafuu, Jumamosi atakuwa amepaa. Akasema pole sana.

Jumamosi, 13 Julai

Nimerudi. Naandika nimekaa kwa upande mmoja, nitaeleza.

Kwa Papa Patrice, baba wa Rosette, kuna bustani inayoshuka hadi ziwani. Waliweka bâche mbili, maturubai ya bluu, wakwe chini ya moja, sisi chini ya nyingine. Parfait mbele yetu na tai yake. Cédric anatoka jasho. Maskini mtoto, anampenda Rosette tangu walipokuwa chuoni, na asubuhi nzima alikuwa akiniambia: "Tonton, leo kila kitu kiende muzuri tu." Nikamwambia aniachie mimi. Akaongeza kutoka jasho. Eulalie aliegemea ukuta na hakuondoka hapo hata wenzake walipocheza wimbo wa kuingilia.

Parfait akakohoa, akamwomba binti. Msemaji wao, Papa Pascal, mzee mwenye macho ya utani, akajibu kwa masikitiko: "Rosette iko Kinshasa. Njia hakuna. Mutoe tiketi ya ndege." Parfait akaingiza mkono mfukoni kuchukua bahasha. Nikapanda juu ya kreti la soda.

"Bakwe!" nikasema. "Tiketi ya nini? Familia yetu iko na ndege yake!"

Nikavuta shuka iliyofunika ndege, niliyokuwa nimeificha nyuma ya makreti. Nikairusha. Mungu wangu, ilivyopaa! Ikatoka juu ya ziwa, kuku wa njano wakiwaka juani. Vigelegele! Papa Patrice akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nikatangaza kwamba ndege imetua Kinshasa. Nikatangaza kwamba Rosette amepanda. Nikatangaza kwamba amefunga mkanda na amepewa sucré. Watu hoi! Hata Maman Christine alicheka, nimemwona kwa macho yangu. Parfait alibaki na bahasha mkononi. Kwa muda ule mfupi mimi ndiye niliyekuwa msemaji.

Halafu ndege ikageuka kurudi.

Nikaiamuru kushoto. Ikaenda kulia. Nikaiamuru kushoto zaidi. Ikaenda kulia zaidi, ikaparuza bâche ya wakwe, ikashuka pua chini ndani ya mtungi wa kasiksi mbele ya Papa Patrice. Hakuna aliyeumia. Pombe yote ya ndizi ilimrukia yeye, kuanzia tai hadi viatu.

Papa Pascal akasimama polepole, akavua kofia. Akasema wote wamesikia kwa masikio yao. Rosette alipanda ndege ile. Alifunga mkanda. Na wenye ndege wamejitaja wenyewe. Akanigeukia: "Sasa mutoto wetu iko wapi?"

Shangazi zake Rosette wakaelewa mara moja. Wakajifunga vitenge viunoni, wakaweka mikono kichwani, wakaangua kilio cha msiba. "Rosette eee! Banatuulia mutoto!" Machozi ya kweli, sijui waliyatoa wapi. Cédric akakaa chini kwenye majani. Watu wote wakamtazama Parfait, mdomo wa dhahabu. Parfait akakohoa. Akakohoa tena. Hakuna kilichofuata.

Ikabidi nitetee familia. Nikasema hajafa, ameumia tu. Papa Pascal akasema basi hospitali ni juu yetu. Nikasema hapana, aliruka kabla ndege haijaanguka. Akauliza aliruka wapi. Nikasema ziwani. Akasema basi na wavuvi wa kumtafuta ni juu yetu. Nikasema labda hata hakupanda. Akasema kumbe tumekuja kuwadanganya wakwe nyumbani kwao. Maman Christine akanivuta koti ili nishuke. Nikashuka kwa makalio. Kreti likapasuka, na chupa moja pia.

Wakwe wakaenda kando kushauriana. Walirudi na neno moja: ng'ombe. Ng'ombe mmoja wa kuongeza, wa kufuta machozi, la sivyo Rosette hatoki chumbani. Nilidhani ni utani bado, lakini Papa Patrice, aliyekuwa bado anachuruzika, hakuwa anatania. Cédric akaniangalia. Sijawahi kujisikia vibaya hivyo.

Ng'ombe wa familia wote walikuwa wamekwisha kutolewa. Alikuwa amebaki mmoja duniani, wangu mimi, ninayemfuga kwa mjomba huko Nyangezi kwa ajili ya uzee wangu. Nilitulia nikitumaini kwamba hakuna atakayemkumbuka. Eulalie akamkumbuka, kwa sauti kubwa, bila kuondoka ukutani.

Nikamtoa. Kilio kikakatika palepale. Rosette akatoka chumbani bila kuitwa, hoi kwa kicheko, poda imemtiririka hadi shingoni, na Cédric akamkumbatia kabla ya ruhusa. Ndoa ipo! Nilipiga makofi hadi viganja vikauma.

Tiketi tulitoa vilevile. Papa Pascal alisema ajali ni ajali na tiketi ni tiketi.

Jumapili, 14 Julai

Makalio yanauma. Maman Christine amepiga simu. Kuanzia sasa, familia ikienda kwenye sherehe, mimi nitabaki kulinda nyumba. Nyumba ya nani? Ya mtu yeyote, amesema.

Eulalie ameanza kuzungumza nami tena. Neno la kwanza, la kudai kitenge chake: "Kikwembe."

Jumanne, 16 Julai

Nimetafakari kwa utulivu, na picha inazidi kuwa nzuri. Kuanzia Nguba hadi Kadutu hakuna anayetaja hotuba ya Parfait. Wote wananitaja mimi! Papa Patrice ameitundika ndege sebuleni kwake, ikiwa bado inanuka kasiksi, na kila mgeni anasimuliwa. Papa Pascal amenipigia mwenyewe kuniambia nimchangamshe tena siku nyingine. Sasa huyo si msemaji ni nani?

Kosa lilikuwa moja tu, nalo si langu. Kosa ni hewa. Ukikipeleka kitu juu, lazima kitatafuta njia ya kushuka.

Na tazama bahati: leo nimesikia kwamba Thierry, mdogo wake Cédric, amempata msichana, Emmanuella. Msichana wa wapi? Wa Idjwi! Kisiwani! Wakwe watasema nini? Kwamba binti yuko ng'ambo, toeni nauli ya boti. Nimekwisha kumwandikia shemeji Jean-de-Dieu atume haraka kasha la mashua ya mbao, yenye mota na rimoti. Eulalie amehamishia vitenge vyake vyote kwa jirani. Anahangaika bure, mashua hupakwa rangi tu. Maman Christine naye ameanza kutafuta ng'ombe wa akiba, lakini safari hii hatamhitaji. Mashua haina mahali pa kuangukia.