Tajiri wa Kitabuni Ameshitakiwa Kijijini Kwetu

Segese, wilaya ya Kahama
14 Juni 1974

Ndugu Afisa Elimu ya Watu Wazima,

Pokea salamu za darasa letu la jioni, linalokutana kwenye ghala la pamba. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kueleza jambo polepole hakunichoshi. Naomba ofisi yako ifute maneno haya katika kiongozi cha mwalimu: "Wanafunzi waone kuwa mambo ya riwaya hii ni ya binadamu wote, popote walipo." Sababu zangu ni hizi:

1. Riwaya mliyotuletea ni ya zamani na ya sifa kubwa, ya nchi ya theluji. Ndani yake tajiri mmoja anamnyang'anya shamba mjane wa mdogo wake. Nilitumia wiki nzima kueleza theluji. Hawakuijali. Walitaka kujua ni tajiri gani huyo asiye na hata ng'ombe mmoja.

2. Nilipofundisha, kama mlivyoagiza, kuwa mtu wa namna hii yuko kila mahali, Mama Bujiku alidakia kutoka nyuma: "Hata hapa kwetu, mwalimu?" Nikajibu, hata hapa. Darasa zima likacheka na kunitazama. Nilifurahi kuwa somo limeingia.

3. Kesho yake wakamshitaki tajiri huyo mbele ya banamhala, yaani wazee wetu wa baraza. Nilieleza kwa saa mbili kwamba mtu wa kitabuni haitwi barazani. Mzee Makoye akanikata: "Wewe mwenyewe umesema yuko hapa. Sasa mbona unamficha?" Wakamwita mara tatu kwa sauti. Hakuitika.

4. Kwa desturi yetu, mgeni asipotokea, mwenyeji wake humjibia. Mwenyeji nikawa mimi. Nimeamriwa nimrudishie mjane shamba lake. Shamba liko kwenye theluji, Ndugu Afisa! Nitafikaje huko kwa basi la Kahama?

5. Mpaka nitii, hakuna anayenisalimu wala kunipa kaa la moto. Mtama wangu umekauka, ndege wameuvamia, na hakuna jirani atakayekuja kuvuna. Juzi nilipiga ngoma ya kuita watu kazini. Akaja mbuzi wa Makoye, naye alikuja kula.

6. Baya kuliko yote, mahudhurio yamepanda. Watu themanini huja kunisikiliza nikisoma, na kila tajiri anapofungua mdomo, wananizomea mimi.

Kwa hiyo naomba barua yenye mhuri, itakayosomwa barazani kabla ndege hawajamaliza, ikithibitisha kwamba tabia ya tajiri huyu haijafika Mkoa wa Shinyanga.

Nisalimie makarani wote, mpiga chapa, na yule dereva wenu aliyekwama mtoni mwezi uliopita.

Wako katika kufuta ujinga, mtama ukiniruhusu,
Mwl. Telesphori

N.B. Barua hii inaletwa na shemeji yangu Klara, mjane wa marehemu mdogo wangu. Ameniuliza tena kama nitamrudishia shamba lake kabla ya mvua. Nimemweleza kwa utulivu kuwa ninamtunzia tu, na kwamba jambo hilo halihusiani kabisa na fasihi. Ukijibu, tafadhali funga bahasha kwa gundi ya kutosha. Tangu mwezi wa tatu anasoma vizuri sana, nimemfundisha mwenyewe.