Kabichi Zisizokuwepo

Ilitangazwa kwa wakazi wote wa kambi ya Nachingwea, wakubwa kwa wadogo, kwamba kuanzia Jumatatu kabichi ikishavunwa imevunwa, na haina ruhusa ya kuota tena.

Bwana Saturnini, Msimamizi Mkuu wa Mboga za Majani, alilitoa tangazo hilo mwenyewe, amesimama juu ya debe, kaptura yake imepigwa pasi ikanyooka. Sababu ilikuwa nzito. Mwaka ule wa 1950 wakubwa wa Kiingereza waliokuja kulima karanga kwa matrekta walitaka kila kazi iwe na mwanzo na mwisho, naye alikwisha kuwaarifu kwamba kabichi zimekwisha. Sasa zilikuwa zinachipua.

Mkosaji alikuwa Bi Zena wa kijiji cha Naipingo, aliyeajiriwa kuvuna. Wenzake waling'oa. Yeye alikata kichwa, akaacha kisiki na majani ya chini, akakichanja kisiki juu kwa kisu, akamwagia maji. Haukupita muda, kila kisiki kikazaa vichwa vidogo, kila kimoja kama ngumi ya mtoto.

"Bi Zena, hizi ni nini?"

"Kabichi, Bwana Saturnini."

"Kabichi zilivunwa. Nilikuwepo."

"Hawa ni watoto wao."

"Nani kawapa kibali cha kuzaliwa?"

"Mvua."

Mvua haikuwa na cheo chochote kambini, kwa hiyo ikaundwa kamati. Ilikaa kivulini mwa trekta bovu, ikatafakari mpaka birika la chai likakauka. Uamuzi ukatoka: kilichokwisha hakiwezi kuwepo, basi vichwa vile, kiutaratibu, havipo.

"Na nikivichuma?" akauliza Bi Zena. "Nitakuwa nimeiba?"

"Huwezi kuiba kisichokuwepo," akajibu Saturnini, na moyoni akajipongeza.

Bi Zena akachuma kisichokuwepo, kikapu kikafurika.

Siku hiyohiyo akaingia Bwana Mkubwa kutoka Dar es Salaam, amekuja kukagua. Lori la vyakula lilikuwa limenasa kwenye tope huko Ruangwa, hivyo akaandaliwa nyama ya kopo. Mara ikapita harufu ya mboga iliyoungwa kwa karanga. Bwana Mkubwa akasukuma sahani, akaifuata pua yake mpaka jikoni kwa Bi Zena, Saturnini nyuma yake. Akala. Akaongezwa.

"Mboga hii imetoka bustani gani?"

"Muulize bwana huyu," akasema Bi Zena. "Kamati yake imesema haipo."

Saturnini alitafuta maneno, akapata moja tu. "Kiutaratibu..."

"Kama bustani haina kitu," akasema Bwana Mkubwa, akipangusa sahani kwa kidole, "wewe unasimamia nini?"

Cheo kikafutwa palepale. Ajabu ni kwamba Saturnini alijiona mwepesi, kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Bi Zena akamsogezea kigoda na sahani. "Kula, kaka. Njaa haina mkubwa." Akala mpaka akalegeza mkanda.

"Na karanga hizi tamu," akasema Bwana Mkubwa kwa fahari, "bila shaka ni za mashamba yetu?"

"Za kwenu bado hazijaota, bwana," akajibu Bi Zena kwa adabu. "Hizi kalima mama yangu, kwa jembe la mkono."

Bwana Mkubwa akafikiri kidogo. Kisha akavua kofia yake, akaomba ajaziwe karanga hizo, akazionyeshe Dar es Salaam.