Ghorofa na Kuku wa Mama Mkwe

Tangu dunia iumbwe, hakuna mtu aliyehamia mashambani kwa maringo kama Ghorofa!

Mkewe, mwalimu, alipopewa uhamisho kwenda kufundisha kwao alikozaliwa, Ghorofa alimfuata nyuma na sanduku la suti. Sanduku lenyewe akakataa kulifungua. Aliliweka mlangoni, tayari kwa safari ya kurudi mjini. Na jina hilo la Ghorofa alijitakia mwenyewe, maana kila alipofungua kinywa ilikuwa, "Sisi tuliokaa ghorofani!"

"Sisi tuliokaa ghorofani hatuamshwi na majogoo!" alifoka alfajiri moja, akiwa uani na shuka, ameamshwa na jogoo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walimpa. Kufika saa nne viganja vimejaa malengelenge, jembe likarudi ghalani. Jioni hiyo akamsikia mama mkwe, aliyekaa nyumba ya pili, akimuuliza binti yake, "Mwanangu, huyu mumeo anaweza kazi gani hasa?"

"Kila kazi, mama," mwalimu alijibu, akiinamisha macho.

Maneno hayo yalimchoma Ghorofa. Akaapa atamwonyesha mama mkwe, hata kwa mara moja tu.

Bahati ikaja. Mama mkwe alikuwa anakwenda kumtazama dada yake. "Baba, kuku wangu anaatamia, karibu ataangua. Mpe maji na punje, basi. Usimguse."

"Kuku mmoja, mama? Mimi niliyeongoza watu ofisini!"

Ni kweli aliwaongoza. Alikuwa mapokezi, akiwaongoza wageni hadi kwenye viti vya kusubiria.

Kesho yake mchana akaingia bandani. Kuku ameketi tu. Hatembei, hali, anamkodolea macho!

"Mfanyakazi wa kukaa kitini siku nzima! Mjini ungeshafukuzwa wewe!" Akamtoa kwa ufagio ili anyooshe miguu, akafunga mlango, akaenda kunywa chai kwa raha zake.

Chai haijapoa, seremala wa jirani akabisha. "Shemeji, mbona kuku wa mama yuko karakanani kwangu?"

"Nimempa mazoezi."

"Na mayai?"

"Yapo. Yataenda wapi?"

"Shemeji! Yakipoa, vifaranga vinafia humo humo! Na mama si anarudi kesho?"

Ghorofa alitoka jasho jembamba. Alimkimbilia kuku, kuku akamdonoa mkono na kupanda juu ya rundo la mbao. Alimbembeleza, akamwomba radhi, hata akamwita "mama". Wapi! Kuku alikuwa amesusa.

Ndipo sanduku likafunguliwa. Mayai yakalazwa katikati ya suti nzito za sufu, na Ghorofa akajilaza juu yake, tumbo chini, hapumui vizuri kwa hofu.

Mwalimu aliporudi kutoka shule alisimama mlangoni. "Unafanya nini, mume wangu?"

"Ninaatamia."

Alitoka mbio. Kicheko chake kilisikika nyuma ya jiko muda mrefu, lakini chakula alimletea pale pale sakafuni, akamlisha.

Asubuhi ikapigwa hodi. Mama mkwe huyo, na seremala nyuma yake, kuku kwapani!

"Shikamoo, mama," Ghorofa alisema akiwa kifudifudi, aibu imemjaa.

"Marahaba, baba. Unaumwa?"

"Hapana, mama. Niko kazini."

"Piu!" likasema koti.

Mama mkwe akainua kola. Kifaranga kikachungulia, tai ya hariri shingoni. Kikafuata kingine, na kingine! Bibi wa watu alicheka mpaka akakaa chini. Kuku akawekwa karibu na wanawe. Vifaranga vilimtazama kuku, vikamtazama Ghorofa, vikakimbilia kwa Ghorofa.

"Basi, baba, umeshazaa. Wafundishe kuchakura," alisema mama mkwe akifuta machozi. Kisha akamgeukia binti yake. "Ni kweli, kazi anaiweza."

Ghorofa alifurahi kuliko siku aliyoajiriwa.

Haukupita muda mrefu bosi wake wa zamani akapiga simu. Nafasi ipo, arudi mjini upesi! Simu ilimkuta Ghorofa amechuchumaa kizingitini, kucha zimejaa udongo wa kuchakura.

"Siwezi, bosi," alinong'ona. "Sanduku lina watoto. Na tafadhali punguza sauti, ndiyo kwanza wamelala."