Malalamiko Juu ya Daktari Aliyepima Moshi wa Karai Langu

Kwako Mhariri mpendwa,

Salamu kutoka hapa hapa Ratlam. Mimi ni Bhanwarlal Porwal, mkaanga kachori na sev, zile tambi kavu za unga wa dengu, wa kona ya soko la dhahabu, alipokaanga baba yangu kabla yangu. Naandika kwa adabu, ingawa aliyenikosea haistahili.

1. Daktari Mrunal Kelkar, binti wa chuo kikuu, aliingia jikoni kwangu na kijisanduku kinachonguruma, akakitundika juu ya karai. Nilidhani ananipigia picha za matangazo, nikampa kachori za bure. Akala. Kisha gazeti lako likachapisha utafiti wake: eti mafuta yakichemka mpaka yakafuka moshi, na yakirudiwa siku baada ya siku, huzaa sumu iitwayo akrolini, nayo huunguza mapafu. Mhariri, huyo Akrolini simjui. Hajawahi kununua kwangu hata sev ya kuonja.

2. Mafuta yangu ni meusi kwa sababu yana uzoefu. Mafuta mapya ni kama bwana harusi: yanang'aa, kazi hayajui.

3. Daktari huyo alimpulizisha mpishi wangu Kashiram kwenye mrija wa kupimia pumzi, akamwambia mbele yangu, "Kaka, mapafu yako yameumia. Usipopata dohani ya kutolea moshi na mafuta safi, hata ngazi zitakushinda kupanda."

Nikamwambia, "Binti, jiko langu halina ngazi."

Wateja walicheka. Yeye hakucheka, wasomi hawana meno. Kwamba Kashiram anakohoa, sikatai. Lakini kikohozi kile ndicho kilichokuwa kengele ya duka. Watu wakikisikia mtaa wa pili wanajua sev zimeiva.

4. Hapa ndipo maudhi yalipokomaa. Kashiram, niliyemlea kwa moshi huo huo, alithubutu kuniomba dohani. Nikamuuliza, "Dohani ya nini, kwani wewe ni treni?"

Akavua aproni, akaikunja vizuri. "Tajiri," akasema, "karai likitoboka unanunua jingine. Mimi kifua utaninunulia wapi?"

Akaenda zake kwa dada yake, Mandsaur. Nasikia sasa anauza maua nje ya hekalu, na usiku analala usingizi mnono. Kama huku si kuniharibia mfanyakazi, ni nini?

5. Kwa hiyo naomba serikali iipige marufuku akrolini isikanyage Ratlam, na vijisanduku vyote vinyang'anywe. Tena kila aingiaye jikoni aache mapafu yake nyumbani, kama anavyoacha viatu mlangoni. Asiye na mapafu hayamuumi, na utafiti utakufa wenyewe.

Nisalimie wachapaji wako, wauza magazeti wote, na mama watoto.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Bhanwarlal Porwal

Baada ya sahihi: Mhariri, mimi ni Sulochana, mkewe. Yeye amesema, mimi nimeandika, maana kalamu inamponyoka kwa kukohoa. Tangu Kashiram aondoke, anakaanga mwenyewe. Pale aliposema Akrolini hamjui, nilingoja kitambo apate pumzi. Tafadhali mwelekeze Daktari Mrunal nyumbani kwetu, aje na mrija wake upesi. Jiko nimelizima, na fundi wa dohani yuko juu ya paa anatoboa. Mume wangu anauliza vishindo hivyo ni vya nini. Nimemwambia ni nyani.