Ishara ya Tisa na Jino la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Siku tano zimebaki. Ijumaa muda wangu wa majaribio unaisha, na bosi ataamua: nithibitishwe kazini au nifungashiwe virago. Nyumbani nimeshasema nimethibitishwa. Nilisema mwezi uliopita, kwa kinywa kipana, mbele ya mama mkwe. Sina pa kurudi.

Kazi yangu ni programu inayowakumbusha wagonjwa wa kliniki ya meno siku zao kwa ujumbe wa simu. Inahudumia watu mia kwa mpigo. Huyu akichelewa kujibu, haimsubiri, inamgeukia yule. Mpishi mmoja, vyungu mia.

Tatizo ni Bi Seva, mtunzaji wa kompyuta kuu. Kila siku saa sita mchana anaweka marekebisho, na kwanza anazitumia programu zote ishara ya kusimama. Programu yenye adabu humaliza ililonalo mkononi, ikaaga. Yangu hukata roho hapo hapo. Leo wagonjwa kumi na wawili hawakupata ujumbe. Ya jirani yangu wa meza, ninayemwita Mpole, iliaga vizuri na kurudi baada ya dakika moja. Bosi akamsifu. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Nimeifundisha programu kuipokea ishara na kuipuuza. Ukiiambia simama, inasema sawa, kisha inaendelea na kazi zake. Saa sita Bi Seva akatuma. Programu kimya. Nikapiga mluzi.

Sekunde thelathini zikapita. Bi Seva akatuma ishara ya tisa. Hiyo haipokelewi wala haipuuzwi: kompyuta yenyewe inaing'oa programu bila kuiuliza neno. Jumbe arobaini zilikuwa zimeshatoka lakini hazijaandikwa kuwa zimetumwa. Programu ilipowashwa, ikazituma zote upya.

Mpole akaniambia taratibu kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia methali akawafundishe wanawe.

Jumatano, 5 Machi
Mpango mpya: heshima. Ishara ikija, programu ingoje sekunde ishirini ili kila jambo limalizike, ndipo iage. Nikaandika amri ya kulala sekunde ishirini ndani ya kile kipande kinachopokea ishara. Nilijiona bingwa.

Kumbe mpishi ni mmoja. Ukimlaza mpishi, hakuna anayekoroga chungu. Kwa sekunde ishirini hakikutumwa kitu, halikupokelewa jibu, kisha programu ikaaga kwa raha zake na kuacha kila kitu kimeungua. Bosi alipita nyuma yangu akauliza kama mambo yanakwenda. Nikasema yanakwenda. Namshukuru hakuuliza yanakwenda wapi.

Nyumbani, mama mkwe amekaa sebuleni kanuna. Ijumaa anang'olewa jino katika kliniki ninayoihudumia. Jana kakumbushwa mara mbili, na sasa anaamini wanataka meno mawili. Nikamwambia, mama, ni jino lile lile. Akaniuliza mimi ni daktari wa meno tangu lini. Mke wangu akageukia dirishani kuficha kicheko.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemeza fahari. Mpole alipokwenda kunywa chai, nikachungulia programu yake. Ni jambo dogo mpaka linaudhi. Ishara ikifika, haifanyi kitu ila kuinua bendera, alama ndogo ya kusema wakati umefika. Mpishi akimaliza kukoroga anaiona, anafunga mlango kwa wageni wapya, anawamalizia waliomo, anaondoka. Basi.

Nikanakili. Lakini kunakili tu ni unyonge, nikatia na langu: programu isiage mpaka kazi zote ziishe, zote kabisa, ndipo iandike waliotumiwa, kwa mkupuo mmoja. Nadhifu.

Nilisahau kwamba kati ya kazi hizo iko moja isiyoisha: ile inayochungulia kila dakika kama kuna miadi mipya. Programu ikaisubiri. Ingeisubiri mpaka kiama. Bi Seva, kwa bahati yangu, alikuwa na marekebisho makubwa, akazima na kuwasha mara saba. Mara saba ishara ya tisa, mara saba hakuna kilichoandikwa, mara saba wagonjwa wote wakakumbushwa upya.

Mama mkwe amejumlisha na zile mbili za juzi. Anasema kinywani amebakiwa na meno kumi na moja, na wanataka tisa.

Ijumaa, 7 Machi
Saa tatu asubuhi daktari wa meno alimpigia bosi simu. Kuna mama kakaa kitini, kafumba mdomo, hafumbui mpaka aandikiwe kwamba ni jino moja. Bosi akaja mezani kwangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mpole akavuta kiti. Ile kazi isiyoisha akaiamuru ikome mara bendera inapopanda, na kila ujumbe ukaandikwa pale pale unapotoka. Dakika kumi. Saa sita ishara ikaja, programu ikaaga kwa sekunde tatu, ikarudi, hakuna aliyekumbushwa mara mbili. Mpole akamwambia bosi tumefanya pamoja. Niliona aibu, nikaona na hasira, maana ni vigumu kumchukia mtu wa namna hiyo.

Uamuzi wa bosi: majaribio miezi mitatu mingine, chini ya Mpole. Sikufukuzwa. Nilikwenda chooni nikacheka peke yangu kwa nafuu. Jino limetoka moja.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu ameuliza kazini kukoje. Nimesema nimepewa msaidizi, kijana mpole sana. Mama mkwe, shavu limevimba, akasema hongera.

Nimewaza asubuhi nzima. Sekunde tatu za kuaga ni udhaifu. Programu ya mwanamume haiagi. Nimeandika ya pili, kazi yake kuifufua ya kwanza kila inapouawa, na ya kwanza kazi yake kuifufua ya pili. Zote mbili nimezifundisha kupuuza ishara. Bi Seva ana tisa moja, mimi nina roho mbili. Nimemwalika mama mkwe ofisini Jumatatu, saa sita kamili, aje ashuhudie.