Nani Anaitikisa Antena Yangu?

Jumatatu, 4 Machi
Grafu imechezewa tena! Antena ya kituo chetu cha kupima anga iko juu ya paa, na mlinzi wake ni mimi. Inapokea ishara za satelaiti. Kwa jinsi zinavyochelewa njiani tunajua huko juu kabisa angani kuna elektroni kiasi gani. Mstari unatakiwa upande asubuhi, ushuke jioni, basi. Wa jana umejaa vijikunjo, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja. Na juzi saa zilezile! Mashine haina ratiba ya kuharibika. Binadamu anayo.

Namjua. Ni mwenzangu, Mpole. Mzee, mkuu wetu, anastaafu Ijumaa, na kiti chake tunakitaka sote wawili. Mpole hagombi, hasengenyi, ananiletea chai bila kuombwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mama mkwe nimeshamwambia kiti ni changu. Anakuja Ijumaa kuona ofisi. Mke wangu kaniuliza haraka ya nini. Nikamwambia asinitie nuksi.

Jumanne, 5 Machi
Nimetega uzi mweusi kwenye ngazi ya paa. Nikanyunyiza na unga, nyayo zionekane. Mke wangu anautafuta unga wake. Mimi simo.

Tangu saa nane nimejibanza nyuma ya tangi la maji. Jua la kuua mtu! Radi zinanguruma mbali, milimani. Hakupanda mtu. Saa kumi na moja nikateremka, nikaukata uzi kwa goti langu mwenyewe. Nyayo za unga kutoka ngazini hadi mezani kwangu. Mzee akauliza kama nafungua duka la mikate. Mpole akaleta ufagio, akafagia, hakuuliza neno. Asiyeuliza anajua!

Vijikunjo? Vipo.

Jumatano, 6 Machi
Mpole kanieleza, kwa ile sauti ya kubembelezea watoto, kwamba huenda ni mawingu ya radi. Eti yakiumuka yanaisukuma hewa, hewa inapanda na kushuka kama maji ya beseni lililogongwa. Mawimbi yanakwea, na kadiri hewa inavyopungua uzito ndivyo yanavyokua. Yakifika juu yanazisukuma elektroni huku na huko. Hebu fikiria! Radi iko mlimani, elektroni ziko kilomita mia tatu juu! Nimecheka hadi machozi. Akasema haya kaka, ila tuvihifadhi tu hivyo vijikunjo.

Avihifadhi vya nini? Ushahidi dhidi yangu, hakuna kingine.

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni mali! Asubuhi nimekaa kwenye kompyuta nikavifuta vijikunjo vyote vya miezi mitatu. Kimoja kimoja. Mstari sasa unateleza. Nikachapisha, nikampelekea Mzee. Aliutazama muda mrefu. Akauliza kama ndivyo ulivyotoka kwenye mashine. Nikamwambia vilevile, Mzee. Akavua miwani akajifuta macho. Furaha imemzidi, maskini.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Wageni wa makao makuu wamekuja kutafuta vijikunjo! Ndiyo, hivyohivyo. Mawimbi ya radi, miezi mitatu mizima, na Mzee akasema mbele yao kwamba mimi nimeyapiga pasi. Mpole alikuwa na nakala. Kiti kapewa yeye. Mimi nimebaki na antena, na kompyuta nisiiguse. Nimeumia, sitaficha. Nilijifungia chooni nikafungua bomba nisisikike.

Kutoka, mama mkwe huyo mlangoni, kanunua hata saa ya ukutani ya ofisi yangu! Mpole akamtazama, akanitazama mimi. Kisha akakivuta kiti chake kipya, akasema karibu mama, mkuu alikuwa anakusubiri. Akanikalisha. Akatuletea chai.

Mama mkwe kanisifu njia nzima hadi nyumbani.

Jumamosi, 9 Machi
Nimewaza tangu asubuhi. Mtu akupe kiti chake mwenyewe bure, mbele ya mkweo? Hapana. Ana lake jambo. Jumatatu nawahi kazini. Uzi nimeshanunua, safari hii mweupe.

Unga mke wangu kaufungia kabatini. Naye sasa namtilia shaka.